Kanisa letu lilianza mwaka gani? Jibu kwa kamati ya jubilei, Manzese

Swali: "Kanisa letu la Kibaptisti lipo Manzese na tunajiandaa kwa jubilei ya miaka 50. Kamati ya watu watano imepewa kazi ya kuandika kijitabu cha historia. Wazee hawakubaliani. Mmoja anasema tulianza 1969 nyumbani kwa mama mmoja, mwingine anasema 1974, wengine wanashikilia 1976. Jiwe la msingi limeandikwa 1981. Cheti cha usajili hatunacho, daftari la kwanza la mikutano halionekani, na fundi wa kuchapa vitenge anataka mwaka. Tuandike upi, na tuanzie wapi kutafuta?"

Jibu: Ndugu wanakamati, kabla hamjaanza kuchagua kati ya hiyo miaka minne, jueni kwamba yote inaweza kuwa sahihi. Mzee wa 1969 huenda anakumbuka ibada ya sebuleni. Wa 1974 huenda anakumbuka kiwanja, au siku kanisa mama lilipoleta mwinjilisti. Wa 1976 huenda anakumbuka Jumapili ambayo washirika walichagua mashemasi wao wenyewe. Jiwe la 1981 linazungumzia ukuta. Kazi yenu ni kujua kila mwaka ni wa tukio gani na ushahidi wake uko wapi. Kuamua upi uchapwe kwenye kitenge kunakuja mwisho, na kwa utaratibu wa Kibaptisti uamuzi huo si wa kamati, ni wa mkutano wa washirika.

Hapa ndipo historia ya kanisa la Kibaptisti inapotofautiana na ya majirani. Parokia ya Kikatoliki au usharika wa Kilutheri huundwa na ngazi ya juu: askofu au dayosisi inaandika barua, na nakala ya barua hiyo inabaki kwenye faili lao. Kanisa la Kibaptisti linajitawala. Linaanza siku waamini waliobatizwa kwa kuzamishwa wanapokubaliana kuwa kanisa, wanapochagua viongozi wao na kuanza kupokea washirika kwa kura yao wenyewe. Kwa kawaida kundi hilo huwa limetoka kanisa mama, ambalo huwaruhusu kwa azimio na kuwaandikia barua za kuhama. Kwa hiyo tarehe mnayoitafuta ni ya mkutano, na mkutano huo uliandikwa kwenye madaftari mawili: lenu, ambalo limepotea, na la kanisa mama.

Anzeni huko. Nendeni kanisa mama na barua iliyosainiwa na mchungaji na katibu wenu, mkaombe kusoma mihtasari ya mikutano ya kanisa kuanzia 1968 hadi 1978. Msiombe kuazimwa vitabu. Ombeni meza na mwanga wa dirisha, mpige picha kurasa palepale. Mnatafuta mambo matatu: azimio la kuruhusu tawi la Manzese kuwa kanisa, orodha ya waliopewa barua za kuhama kwa ajili hiyo, na majina ya wachungaji au mashemasi waliotumwa kushuhudia. Hiyo orodha ya barua za kuhama ndiyo orodha ya waanzilishi wenu. Ina uzito kuliko orodha yoyote itakayotolewa na mzee kichwani, kwa sababu kumbukumbu huongeza watu waliokuja baadaye wakawa maarufu, na husahau waliorudi kijijini baada ya mwaka mmoja.

Ikiwa kitabu cha mwaka mnaoutaka hakipo, msikate tamaa kabla ya kufungua kinachofuata. Mihtasari yetu ina kipengele cha yatokanayo. Muhtasari wa Machi ukisema "yatokanayo na kikao cha Januari: suala la Manzese limekamilika, barua 23 zimetolewa", mmeupata uamuzi wa Januari hata kama karatasi yake ililiwa na mchwa. Namba za mihtasari nazo husaidia: kikao Na. 4/76 kikifuatiwa na Na. 7/76, mnajua vikao viwili havipo na mnajua vilikuwa kati ya tarehe gani na gani.

Chanzo cha pili ambacho kamati nyingi hukiruka ni vitabu vya vyeti vya ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mfungisha ndoa awe na leseni na kila ndoa iandikishwe, hivyo makanisa hutunza vitabu hivi kwa uangalifu kuliko daftari lolote, maana watu hurudi miaka 20 baadaye kutafuta nakala. Kishina au nakala inayobaki ina tarehe, jina la kanisa kama lilivyoitwa siku hiyo, na jina la mchungaji aliyefungisha. Ndoa ya watu wa Manzese iliyofungwa 1975 kwenye jengo la kanisa mama, na nyingine ya 1977 iliyofungwa Manzese kwa jina la kanisa lenu, zinabana mwaka wa kuundwa katikati. Kama kuna aliyehifadhi matangazo ya ndoa ya siku 21, hayo pia yana majina na tarehe.

Rejesta ya ubatizo inahitaji tahadhari zaidi. Wakatoliki na Walutheri hubatiza watoto, hivyo rejesta yao hukaribia kuwa kumbukumbu ya kuzaliwa. Yenu haiko hivyo. Mtu aliyebatizwa 1979 anaweza kuwa na miaka 14 au 60, na bila safu ya umri hamwezi kujua. Pia, wakati mkiwa tawi, watu wenu waliandikwa kwenye rejesta ya kanisa mama, kwa hiyo jina la kwanza kwenye kitabu chenu si la mwamini wa kwanza wa Manzese. Linachowaambia ni jambo moja tu: kufikia tarehe hiyo mlikuwa mnabatiza kwa mamlaka yenu. Angalieni pia mahali pa ubatizo. Kanisa lisilo na kisima cha ubatizo hubatiza baharini, mtoni au kwenye kisima cha kanisa jingine, na siku safu hiyo inapobadilika kuwa "kanisani" mnapata mwaka kisima kilipojengwa bila kumuuliza mtu.

Na msisahau barua za kuhama zilizoingia. Mbeya na Rungwe ni sehemu zenye Wabaptisti wengi tangu siku za misheni, na watu waliokuja mjini kutafuta kazi walibeba barua kutoka makanisa ya kwao. Barua iliyoandikwa Tukuyu ikielekezwa kwa "Kanisa la Kibaptisti Manzese" mwaka 1976 ni ushahidi kwamba kufikia tarehe hiyo watu wa mbali walikuwa wanawatambua kama kanisa. Ikielekezwa kwa kanisa mama na kutaja Manzese kama makazi tu, bado mlikuwa tawi.

Cheti cha usajili msikitafute kama cheti cha kuzaliwa. Kazi ya Wabaptisti wa Kusini wa Marekani katika Tanganyika ilianza 1956, na Jumuiya ya Wabaptisti Tanzania, ile inayoitwa pia Konvensheni, iliundwa 1971. Kanisa la mtaa lililo chini ya jumuiya linaweza kufanya kazi miaka mingi kwa usajili wa jumuiya bila kuwa na cheti chake, na hilo si kasoro ya historia. Usajili wa jumuiya za dini uko Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi kwa Msajili wa Jumuiya. Wadhamini wamesajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, na kabla ya wakala huo kuanzishwa 2006 kazi hiyo ilikuwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu. Mkikuta cheti cha bodi ya wadhamini cha 1994, kinaonyesha mwaka wadhamini waliposajiliwa, si zaidi ya hapo. Kabla ya yote hakikisheni kanisa lenu lilikuwa chini ya nani tangu mwanzo, maana Dar es Salaam ina makanisa ya Kibaptisti yasiyo ya jumuiya hiyo, na mengine yamewahi kuhama upande mmoja kwenda mwingine.

Makao makuu ya jumuiya hayatakuwa na mihtasari yenu, kwa sababu ileile ya kujitawala. Yanachoweza kuwa nacho ni taarifa za mikutano mikuu ya mwaka, zenye orodha ya makanisa, wachungaji na idadi ya washirika. Mwaka jina lenu linapotokea kwa mara ya kwanza kwenye orodha ni kikomo: kanisa lilikuwepo kufikia hapo. Si mwanzo. Katibu aliyechelewa kutuma fomu anaweza kuwa amewachelewesha miaka mitatu.

Sasa kiwanja. Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo penye hatari. Manzese ilijengwa kabla ya kupimwa. Watu walinunua maeneo kwa wenye mashamba na wenye vibanda, wakaandikiana karatasi kwa mkono, shahidi akiwa mjumbe wa nyumba kumi. Tafuteni karatasi hiyo kwa familia za wazee wa kwanza, kwa sababu mnunuzi aliyesaini huenda ni mshirika mmoja aliyenunua kwa niaba ya kanisa. Mkiipata bila tarehe, angalieni mhuri. TANU na ASP ziliungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Mhuri wa TANU unaielekeza karatasi kabla ya hapo, au miezi michache baadaye kwa mjumbe ambaye hakuwa amepata mhuri mpya. Mhuri wa CCM hauwezi kuwa wa 1974. Vivyo hivyo kwa barua za mji: "Tume ya Jiji" ni ya kati ya 1996 na 2000, na barua yenye "Manispaa ya Ubungo" ni ya baada ya Ubungo kutengwa na Kinondoni, katikati ya miaka ya 2010. Ndiyo maana faili la zamani la Manzese linaweza kuwa Kinondoni hadi leo ingawa ninyi mnahudumiwa Ubungo. Ulizeni kote kuwili kabla hamjaambiwa "halipo" mkakubali.

Kati ya 1974 na 1977 Manzese iliingia kwenye awamu ya kwanza ya mradi wa kuboresha makazi na kupima viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Manzese ilipata barabara, maji na huduma nyingine. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa viwanja vipya. Hili linawasaidia kwa njia mbili. Mzee akisema "tulihamishwa barabara ilipopita", mna miaka ya kukadiria. Na mtu akisema kanisa lilipewa kiwanja kilichopimwa Sinza mwaka 1969, mwaka huo una tatizo, ingawa tukio lenyewe laweza kuwa kweli.

Kama kuna hati, fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati kwa kutumia namba ya hati au namba ya kiwanja na kitalu. Matokeo yatawaonyesha mmiliki, tarehe ya kuanza kwa umiliki, muda wake (33, 66 au 99) na kama kuna zuio. Msishtuke mkikuta jina la mmiliki ni wadhamini wa jumuiya au wa misheni. Ni kawaida. Lakini hapa naomba mnisikilize vizuri: kijitabu cha jubilei kinaweza kuishia mezani kwa wakili. Sentensi ya kujigamba kama "kiwanja hiki ni mali ya kanisa la Manzese peke yake tangu 1974", iliyoandikwa bila hati, inaweza kuwaletea mgogoro na wadhamini, au kutumiwa na mtu aliyejitenga nanyi. Andikeni kile karatasi inachosema: nani alimuuzia nani, lini, kwa shilingi ngapi, mbele ya nani. Basi.

Jiwe la msingi nalo lisomwe kwa akili. Jiwe huwekwa ujenzi unapoanza, na wakfu hufanyika jengo likikamilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 saruji na mabati vilikuwa vya kutafuta kwa kibali, mara nyingi kupitia kampuni ya biashara ya mkoa, na ukuta ungeweza kusimama kwenye lenta miaka mitano. Kwa hiyo 1981 kwenye jiwe na 1988 kwenye picha ya wakfu havipingani. Kama faili la mhazini lina vibali vya saruji au stakabadhi za mabati, yapangeni kwa tarehe: mtaona jengo likipanda, msingi, kuta, paa, sakafu, bila kusimuliwa. Angalieni pia kama jiwe lenyewe ni la asili. Mawe huvunjika wakati wa upanuzi, na linalowekwa badala yake huandikwa kwa kukumbuka. Na kama jengo liliguswa na upanuzi wa Barabara ya Morogoro kwa ajili ya mwendokasi, ulioanza kutoa huduma Mei 2016, ombeni nakala ya faili la tathmini. Lina vipimo vya jengo la zamani, na pengine picha.

Baada ya karatasi, wazee. Kamati nyingi huanza na wazee, na huanza vibaya: huwaita wote ukumbini Jumapili mchana, mchungaji akiwa mwenyekiti, na anayejua kuzungumza huwazungumzia wengine wote. Toleo lake ndilo linakuwa historia, na wiki ijayo hata waliokuwa na kumbukumbu tofauti wanalirudia. Msikilizeni kila mmoja peke yake kwanza, nyumbani kwake, dakika 60 hadi 90, watu wawili tu wa kamati: mmoja auliza, mwingine aandike na kusimamia simu inayorekodi. Zimeni feni na redio. Simu iwekwe juu ya kitambaa karibu naye, iwe kwenye hali ya ndege ili isiite katikati. Mwanzoni mwa rekodi tajeni tarehe, mahali, jina kamili la mzee, na mruhusu aseme kwa sauti yake kwamba anakubali kurekodiwa na kunukuliwa. Kikao cha pamoja kije mwisho, kwa ajili ya kutazama picha na kutaja majina. Hapo wingi wa watu ni faida.

Msimuulize mtu mwaka. Swali "mama, ni kweli tulianza 1976?" linapata jibu moja tu, ndiyo, kwa heshima. Ulizeni mambo ambayo mwaka wake unajulikana, kisha hesabuni wenyewe. Mlikuwa mnakuja kwa basi la UDA au daladala zilikuwa zimeanza? Daladala ni za kuanzia 1983. Vijana walikuwa wameenda vita vya Kagera? Hiyo ni kuanzia mwishoni mwa 1978. Ilikuwa kabla au baada ya Sokoine kufariki? Aprili 1984. Mlikuwa mnapanga foleni ya sukari? Msako wa Nguvukazi, wa kuwakamata wasio na kazi mjini, ulikuwa ukitisha watu? 1983. Kwa akina mama kuna kipimo kizuri kuliko vyote: ni mtoto yupi ulikuwa umembeba mgongoni siku ile? Kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa cha mtoto huyo, sasa mtu wa miaka 49, kitawapa mwaka na mara nyingine hata msimu. Ulizeni pia paa lilikuwa la nini, nani alipiga ngoma, viti vilitoka wapi. Anayekumbuka makuti na anayekumbuka mabati hawasimulii siku moja, hata kama wote wanaiita "ibada ya kwanza".

Majina ni mtego mwingine. Yule ambaye kanisa zima linamwita Mama Neema ameandikwa kwenye rejesta kwa jina lake la ubatizo na la baba yake, na huenda kwenye barua ya kuhama kwa jina la mume. Fungueni daftari la majina lenye safu tatu kwa kila mtu: anavyoitwa, anavyoandikwa, na uhusiano wake. Bila hilo mtahesabu waanzilishi 31 kumbe ni 22, na wanaochanganywa kwenye hesabu huwa ni wanawake, ambao mara nyingi ndio waliotoa sebule, maji na chai.

Kuhusu wamisionari, kuna akiba kubwa ya nyaraka Marekani. Bodi yao iliitwa Foreign Mission Board hadi 1997 ilipobadilishwa kuwa International Mission Board, na Nashville, Tennessee, kuna maktaba ya kumbukumbu za kihistoria za Wabaptisti wa Kusini ambayo hujibu maombi kwa barua pepe. Mkiandika, tumieni majina ya wakati huo: Tanganyika kwa miaka ya kabla ya muungano wa 1964, na East Africa, kwa kuwa mwanzoni kazi ya Kenya na Tanganyika ilisimamiwa pamoja. Tajeni mtaa, miaka na jina la mmisionari kama mnalijua. Ombi la "historia ya kanisa letu" halitajibika. Zikija, zisomeni mkikumbuka ziliandikiwa nani. Ripoti kwa wafadhili husema "tulifungua kazi Manzese" hata pale ambapo mwinjilisti Mtanzania alikuwa ameshatembea nyumba kwa nyumba mwaka mzima, na jina lake limeachwa likawa "msaidizi wetu". Tarehe zake zina thamani kubwa, kwa sababu ziliandikwa wiki ileile. Sifa zake mzigawe upya.

Vyeti vya wachungaji wenu vya Seminari ya Kibaptisti Arusha, iliyofunguliwa 1962 na baadaye kuzaa Chuo Kikuu cha Mount Meru, vitasaidia kupanga zamu. Mchungaji hawezi kuwa alikuwa akiishi Manzese mfululizo miaka ambayo alikuwa bwenini Arusha, ingawa angeweza kuja likizo, na hilo hueleza kumbukumbu nyingi zinazogongana. Magazeti ya zamani yako kwenye mkusanyiko wa East Africana, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yatafuteni pale tu mnapokuwa na tarehe ya tukio la hadhara, la sivyo mtapoteza wiki. Nyaraka za Taifa, Upanga, zina manufaa kwa habari za mtaa na ardhi kuliko za kanisa, na mafaili ya serikali hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Chukueni barua ya utambulisho na kitambulisho.

Idadi ya washirika huwa inavimba bila mtu kudanganya. Rejesta hupokea majina lakini hakuna anayekata ya waliofariki au kuhamia Mbagala. Hesabu sahihi ya mwaka ni ya mwaka uliopita, ongeza waliobatizwa na waliopokelewa kwa barua au kurejeshwa, toa waliohama, waliofariki na walioondolewa. Watoto hawamo, kwa kuwa hawajabatizwa, hivyo kanisa lenye washirika 120 linaweza kujaza viti 250 Jumapili. Andikeni kila mara mnahesabu nini. Kwenye fedha, msibadilishe shilingi za 1976 kuwa za leo. Mtabishana na wasomaji bure. Wekeni sadaka ya mwezi kando ya bei iliyo kwenye kitabu hichohicho, mfuko wa saruji au posho ya mwinjilisti, msomaji ataelewa.

Mtakuta pia kesi za nidhamu: waliotengwa, waliofungiwa ushirika, sababu zikiwa zimeandikwa wazi. Hizo si za kijitabu. Wajukuu wao wapo kwaya. Zaidi ya adabu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mnaweza kusema kipindi fulani kanisa lilishughulikia mambo mengi ya nidhamu na likabadilisha katiba yake; majina yabaki kabatini. Mgawanyiko ni jambo tofauti, huo lazima uandikwe, maana kila mtu mtaani anaujua na kijitabu kinachouruka hakitaaminiwa hata kwenye mengine. Andikeni tarehe ya kikao, hoja iliyopigiwa kura, matokeo kama yalivyo kwenye muhtasari, na kundi lilikwenda wapi. Msiweke vivumishi. Kabla ya kuchapa wapeni upande wa pili wasome ukurasa huo, na kama wanasimulia tofauti, weka simulizi zote mbili.

Wakati mnakusanya, mnahifadhi. Kosa baya kuliko yote mjini hapa ni kulamineti. Karatasi ya 1974 ikishapita kwenye mashine ya plastiki ya moto haitoki tena, na wino wake utaendelea kufa ndani. Acheni hivyo. Ondoeni pini na klipu zenye kutu taratibu, wekeni karatasi kwenye bahasha za karatasi, kisha boksi la kadibodi, sentimita 15 au zaidi kutoka sakafuni, mbali na ukuta wenye unyevu. Mfuko wa nailoni uliofungwa kwa joto la Dar huleta ukungu. Picha zilizonatwa kwenye albamu za gundi msizibandue, zipigeni zikiwa humohumo. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, kamwe si kalamu ya wino. Skani nyaraka kwa 300 dpi na picha kwa 600. Mkitumia simu, bila flashi, simu iwe sambamba na karatasi. Majina ya mafaili yaanze na mwaka, kwa mfano 1976-03-muhtasari-uk2, ili yajipange yenyewe. Nakala tatu: kompyuta ya kanisa, flashi inayokaa nyumba nyingine, na hifadhi ya mtandaoni ambayo nywila yake wanaijua watu wasiopungua wawili. Kaseti za kwaya zihamisheni kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa utepe unaharibika, na kava lake mara nyingi lina mwaka na picha ya jengo.

Kijitabu chenyewe kikishonwa kwa pini lazima kurasa zigawanyike kwa nne. 32 au 48 zinatosha kanisa la miaka 50. Msitumie kumi za kwanza kuelezea Yohana Mbatizaji, Amsterdam ya 1609 na William Carey. Ni mambo ya kweli, lakini hakuna anayenunua historia ya Manzese ili asome ya Uholanzi. Aya moja, kisha 1956, kisha mtaa wenu. Kila tarehe iwe na chanzo chake kwenye mabano: muhtasari, rejesta, hati, au mahojiano. Ya kukadiria iandikwe "takriban".

Kuhusu mwaka wa kitenge, ushauri wangu ni mwaka wa kuundwa kuwa kanisa, kwa sababu ndio unaolingana na imani yenu kuhusu kanisa ni nini, na kwa maelezo yenu huenda ni 1976. Lakini mwambieni fundi asubiri mihtasari ya kanisa mama. Mkikuta 1975 au 1977, jubilei haiharibiki. Mnaandika "miaka 50 ya kanisa, tangu ibada za nyumbani 1969" kama hiyo ya 1969 nayo imethibitika. Peleka pendekezo kwenye mkutano wa washirika pamoja na ushahidi, pigeni kura, na mwandike azimio kwenye muhtasari wenye namba. Kijitabu kikitoka, omba namba ya ISBN na kabidhi nakala Bodi ya Huduma za Maktaba, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, nakala nyingine kanisa mama, nyingine chuoni Arusha, na moja kwa kila familia iliyowakopesha picha, pamoja na picha zenyewe.